Kura tatu za Chattanooga

Usiku wa Ijumaa, Aprili 19, 2024, maofisa wa serikali ya Marekani walimaliza kuhesabu kura za wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Volkswagen mjini Chattanooga, jimbo la Tennessee. Waliosema ndiyo walikuwa 2,628, waliosema hapana 985. Kwa hesabu hiyo chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kikawa msemaji wao halali mbele ya mwajiri.

Majimbo ya kusini mwa Marekani yalikuwa yameishinda UAW kwa miaka mingi. Kwenye kiwanda cha Nissan mjini Smyrna, Tennessee, chama hicho kilipiga kampeni na kushindwa mwaka 2001. Mwaka 2017 kikashindwa tena katika kiwanda cha Nissan mjini Canton, Mississippi, kwa kura 2,244 dhidi ya 1,307. Hata hapo Chattanooga wafanyakazi walikuwa wamekwishakataa mara mbili: mwaka 2014 kwa kura 712 dhidi ya 626, na mwaka 2019 kwa kura 833 dhidi ya 776.

Kiwanda ni kilekile, mwajiri ni yuleyule na sheria haikubadilika. Basi nini kilichogeuza pengo la kura 57 za kushindwa kuwa ushindi wa karibu robo tatu ya kura zote? Swali hilo linamhusu kila mfanyakazi, awe kwenye karakana Tennessee, shamba la maua Naivasha au kiwanda cha nguo Dar es Salaam. Sheria inaweza kuandaa sanduku la kura, lakini wingi wa kura huandaliwa na wafanyakazi wenyewe, muda mrefu kabla ya siku ya kupiga kura.

Sheria iliyozaliwa na migomo

Kabla ya mwaka 1935, mfanyakazi wa Marekani aliyetaka mwajiri akitambue chama chake alikuwa na njia moja kubwa: kugoma. Migomo ya kudai kutambuliwa ilimalizwa mara nyingi kwa virungu, kwa risasi na kwa watu kufukuzwa kazi. Seneta Robert Wagner wa New York alipeleka bungeni muswada wa kuhamishia ugomvi huo kwenye sanduku la kura, na Rais Franklin Roosevelt akausaini kuwa sheria Julai 5, 1935. Sheria hiyo iliunda Bodi ya Taifa ya Mahusiano Kazini, NLRB, ambayo hadi leo ndiyo inayosimamia kura za wafanyakazi wa sekta binafsi. Waajiri waliipinga mahakamani, na Aprili 1937 Mahakama ya Juu ikaikubali kwa majaji watano dhidi ya wanne.

Sheria hiyo ilikuwa na tundu tangu mwanzo. Iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani, kazi ambazo huko kusini zilifanywa kwa wingi na Wamarekani weusi. Mwaka 1947 Bunge liliipunguza nguvu zaidi kwa sheria ya Taft-Hartley, ambayo Rais Harry Truman aliikataa na Bunge likaipitisha bila ridhaa yake. Wasimamizi wa kazi wakaondolewa kwenye ulinzi wa sheria. Majimbo yakapewa ruhusa ya kuzuia mikataba inayomlazimisha kila anayenufaika na chama kukichangia. Tennessee ilichukua ruhusa hiyo mwaka huohuo, na mwaka 2022 wapiga kura wake wakaiweka kwenye katiba ya jimbo.

Kwanza kadi

Safari ya kura huanza kwa kadi. Mfanyakazi husaini kuwa anaridhia chama fulani kimwakilishe. Wakisaini angalau asilimia 30 ya wahusika, maombi ya kura yanaweza kupelekwa kwenye Bodi. Kadi hizo ni siri kati ya Bodi na chama, na mwajiri haonyeshwi nani amesaini.

Wazoefu wa kazi hii hawakimbilii Bodi na asilimia 30. Wanajua kuwa saini inayotolewa kwa mwenzako wakati wa chakula ni nyepesi kuliko alama inayowekwa baada ya wiki kadhaa za kutishwa. Mwaka 2013 UAW ilitangaza kuwa zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Chattanooga wamesaini. Miezi michache baadaye, Februari 2014, kura zikasema vingine.

Somo hilo halikupotea. Mwishoni mwa mwaka 2023 chama kiliweka ngazi iliyo wazi. Wakifika asilimia 30, wafanyakazi wajitangaze hadharani. Wakifika 50, wafanye mkutano wa hadhara. Wakifika 70, tena wakiwa na kamati yenye watu wa kila zamu na kila upande wa kiwanda, ndipo waombe kura mwajiri asipowatambua kwa hiari. Chattanooga walitangaza asilimia 30 Desemba 2023 na nusu Februari 2024. Maombi yao yalifika Bodi Machi 18.

Kamati hiyo ndiyo moyo wa jambo lenyewe. Afisa wa chama anayetoka makao makuu Detroit anasimama nje ya geti na vipeperushi. Anayeijua hofu ya fundi wa zamu ya usiku mwenye mkopo wa nyumba ni fundi mwenzake wa zamu hiyo. Huyo ndiye atakayeulizwa: tukifukuzwa je? Kiwanda kikifungwa je? Na jibu lake lina uzito kwa sababu naye ana cha kupoteza.

Jambo hilohilo lilionekana kwenye ghala la Amazon liitwalo JFK8, kisiwani Staten Island, New York. Christian Smalls alifukuzwa kazi hapo Machi 2020, baada ya kuongoza wenzake kutoka nje kudai kinga dhidi ya korona. Mwaka uliofuata yeye na rafiki yake Derrick Palmer, aliyekuwa bado kazini, walianzisha chama chao wenyewe bila msaada wa chama chochote kikubwa. Walichanga fedha mtandaoni, wakaketi kwenye kituo cha basi mbele ya ghala na kuwagawia wenzao vyakula vilivyopikwa nyumbani, huku wakizungumza na mmoja baada ya mwingine. Maombi yao ya kwanza waliyaondoa Novemba 2021 kwa kukosa saini za kutosha. Waliyarudisha mwezi uliofuata.

Nani ana kura?

Maombi yakishapokelewa, swali la kwanza ni nani anahesabika. Bodi hutafuta kundi la watu wenye maslahi ya pamoja: kazi zinazofanana, malipo ya aina moja, msimamizi mmoja, mahali pamoja. Mameneja hawapigi kura, wala wasimamizi wenye mamlaka ya kuajiri na kufukuza.

Hapa mawakili hupata kazi nzito, kwa sababu mpaka wa kundi unaweza kuamua mshindi. Mwaka 2015 mafundi wa matengenezo wa Chattanooga, kundi dogo ndani ya kiwanda, walipiga kura peke yao na kushinda kwa 108 dhidi ya 44. Volkswagen ilikataa kujadiliana nao, ikidai kura sahihi ni ya kiwanda kizima. Shauri likaburuzwa kwa miaka. Mwaka 2019 UAW ikaliacha kundi hilo dogo ili iombe kura ya wote, na kura hiyo ya wote ikashindwa. Mafundi wale walikuwa wameshinda halali, na hawakupata kitu.

Kundi likishakubalika, mwajiri hutakiwa kutoa orodha ya wapiga kura pamoja na anwani, simu na barua pepe wanazotumia. Bodi hutoa tangazo la siku, saa na mahali. Ikiombwa, hutafsiri tangazo na karatasi ya kura kwa lugha za wafanyakazi. Hilo ni jambo kubwa katika nchi ambayo viwanda vyake vya nyama vina wakimbizi wengi, wakiwamo waliotoka Kongo.

Wiki za vitisho

Kati ya tangazo na kura kuna wiki chache, na hizo ndizo zinazovunja wengi. Mwajiri ana haki ya kutoa maoni yake, ila haruhusiwi kutisha, kuhonga wala kufukuza mtu kwa sababu ya chama. Hivyo ndivyo sheria inavyosema. Kate Bronfenbrenner wa Chuo Kikuu cha Cornell alichunguza kura zaidi ya 1,000 zilizofanyika kati ya 1999 na 2003. Aligundua kuwa katika asilimia 57 ya kampeni waajiri walitishia kufunga sehemu ya kazi, yote au kipande chake. Katika asilimia 34 walifukuza wafanyakazi. Katika asilimia 89 waliwaita wafanyakazi kwenye mikutano ya lazima, ndani ya saa za kazi, wasikilize hotuba za kupinga chama.

Mikutano hiyo ya lazima iliruhusiwa kwa zaidi ya miaka 70, hadi Novemba 2024 Bodi ilipoamua, katika shauri la Amazon, kuwa inavunja sheria. Kuna pia biashara nzima ya washauri wanaolipwa kuzuia vyama. Taarifa ambazo Amazon yenyewe iliwasilisha serikalini zinaonyesha kuwa iliwalipa washauri hao takriban dola milioni 4.3 mwaka 2021.

Chattanooga shinikizo zito lilitoka kwa wanasiasa. Mwaka 2014 Volkswagen haikupiga kampeni dhidi ya chama. Ilikuwa inataka baraza la wafanyakazi kama lile la viwanda vyake vya Ujerumani, na sheria ya Marekani hairuhusu mwajiri kuunda chombo cha aina hiyo bila chama huru. Lakini wakati kura ikiendelea, Seneta Bob Corker wa Tennessee alitangaza kuwa amehakikishiwa: wafanyakazi wakikataa chama, gari jipya litatengenezwa Chattanooga. Kampuni ilikanusha kuwa mambo hayo mawili yanahusiana, lakini maneno yalikuwa yamekwishawafikia wapiga kura. Mwaka 2019 gavana Bill Lee aliingia kiwandani na kuhutubia wafanyakazi. Mwaka 2024, siku moja kabla ya kura kuanza, yeye na magavana wenzake watano wa kusini walitoa tamko la pamoja wakionya kuwa chama kitahatarisha ajira.

Mara hii onyo hilo halikuwatisha wengi.

Dakika moja ndani ya kibanda

Siku ya kura, ofisa wa Bodi huweka sanduku na kibanda mahali pa kazi. Waangalizi hutoka pande zote mbili, nao huwa wafanyakazi wa kawaida, bila bosi hata mmoja. Mpiga kura hutaja jina, hutiwa alama kwenye orodha na hupewa karatasi yenye swali moja: unataka chama hiki kikuwakilishe katika majadiliano ya pamoja na mwajiri wako? Anaweka alama, anakunja, anatumbukiza. Akiandika jina lake, kura yake inaharibika, kwa kuwa siri ndiyo ngao yake. Ikiwa kuna ubishi kama anastahili kupiga kura, karatasi yake hufungwa kwenye bahasha na kuwekwa kando.

Mshindi huamuliwa na wengi wa waliopiga kura, na asiyejitokeza hahesabiwi upande wowote. Kura zikilingana, chama kimeshindwa. Kwenye ghala la JFK8 wenye haki walikuwa 8,325. Matokeo yaliyotangazwa Aprili 1, 2022 yalikuwa 2,654 ndiyo na 2,131 hapana. Chini ya theluthi moja ya wafanyakazi walisema ndiyo, na kwa kura hizo chama kikawa msemaji wa wote, wakiwamo waliokikataa na waliobaki nyumbani. Hapo ndipo uzito wa kura moja unapoonekana.

Kilichobadilika

Basi, kwa nini 2024 na si 2019?

Jibu la kwanza ni mfano ulio hai. Septemba 2023 UAW iligoma kwa wakati mmoja dhidi ya Ford, General Motors na Stellantis. Baada ya wiki sita ikapata mikataba yenye nyongeza ya mshahara ya asilimia 25 katika muda wa mkataba. Kampuni zisizo na chama zikaanza kuongeza mishahara haraka, na Volkswagen yenyewe ikatangaza asilimia 11. Mfanyakazi wa Chattanooga hakuhitaji mhadhara. Alijiuliza: ikiwa wenzetu wakigoma huko Michigan sisi tunaongezwa huku, tungepata nini tukiwa ndani?

Jibu la pili haliwapendezi baadhi ya viongozi wa vyama, na ndiyo sababu linastahili kusemwa kwa sauti. Wakati wa kura ya 2019 UAW ilikuwa imegubikwa na kashfa ya ufisadi. Marais wake wawili wa zamani, Dennis Williams na Gary Jones, walipatikana na hatia na kufungwa. Mfanyakazi aliyeambiwa mwaka ule kuwa makato yake yatatafunwa na wakubwa hakudanganywa kabisa. Baadaye wanachama walipiga kura ya maoni na kujipatia haki ya kumchagua rais wao moja kwa moja. Machi 2023 Shawn Fain, fundi umeme aliyepitia karakana za Chrysler, alishinda kwa njia hiyo, na yeye ndiye aliyeongoza mgomo ule. Chama kilianza kuaminika kwa wageni kilipoanza kuwajibika kwa wenyewe.

Jibu la tatu ni uvumilivu. Waliokuwa kwenye kamati ya 2014 na 2019 wangeweza kuacha. Wengine walibaki, wakajifunza mahali pa udhaifu, wakawapokea vijana waliokuja na kuwaandaa. Dau la mnyonge haliendi joshi, na mnyonge anayelijua hilo hutafuta makasia mengi kabla hajatoka bandarini.

Ushindi huo haukufungua milango yote. Mwezi mmoja baadaye, wafanyakazi wa Mercedes-Benz mjini Vance, Alabama, walikataa UAW kwa kura 2,642 dhidi ya 2,045. Mgomo wa 2023 wao pia waliushuhudia, na kura zikaenda kinyume. Kila kiwanda kina njia yake ya kupita.

Baada ya shangwe

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi siku ya kura: ushindi unakupa kiti mezani tu. Sheria inamtaka mwajiri ajadiliane kwa nia njema, lakini haimlazimishi kukubali jambo lolote. Kwa wastani, mkataba wa kwanza huchukua zaidi ya mwaka mmoja kupatikana. Wafanyakazi wa mgahawa mmoja wa Starbucks mjini Buffalo walishinda kwa kura 19 dhidi ya 8 Desemba 2021, na mamia ya migahawa ikafuata. Miaka mitatu baadaye hakuna hata mmoja uliokuwa na mkataba. Amazon ilipinga matokeo ya JFK8, ikashindwa mbele ya Bodi, na bado ikakataa kukaa mezani. Juni 2024 wanachama wa chama kile cha ghalani wakapiga kura ya kujiunga na chama kikubwa cha Teamsters ili wapate nguvu ya kuendelea.

Adhabu ndiyo tatizo. Mwajiri aliyemfukuza mtu kinyume cha sheria huamriwa kumrudisha na kumlipa mshahara aliopoteza, baada ya kuondoa alichopata kwingine. Faini haipo. Kwa kampuni kubwa hiyo ni gharama ndogo ya kuwatisha wengine wote. Tena Bodi yenyewe inategemea upepo wa Washington. Januari 2025 Rais Donald Trump alimfukuza mjumbe wake mmoja, Gwynne Wilcox, na Bodi ikabaki bila akidi ya kuamua mashauri. Kwa ulinzi hafifu namna hii, haishangazi kwamba tayari mwaka 2024 wanachama wa vyama walikuwa asilimia 9.9 tu ya wafanyakazi wa Marekani, na katika sekta binafsi asilimia 5.9, ilhali katikati ya miaka ya 1950 walikuwa karibu theluthi.

Huku kwetu

Tanzania na Kenya zimechagua njia nyingine. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama Tanzania. Chama kilichosajiliwa chenye wanachama zaidi ya nusu ya kundi husika kina haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano. Mwajiri akipewa taarifa ana siku 30 za kukutana nacho. Akikwepa, suala huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kisha Mahakama ya Kazi. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2007, inataka wingi wa kawaida wa wafanyakazi wanaostahili kujiunga na chama, na Katiba ya 2010 inalinda haki hiyo katika kifungu cha 41. Kinachohesabiwa huku ni uanachama uliosainiwa. Kibanda cha kura hakihitajiki.

Njia hii ina faida ya wazi: inamnyima mwajiri zile wiki za vitisho. Lakini ina hatari yake, nayo lazima tuikabili. Fomu inaweza kujazwa bila mazungumzo. Mfanyakazi anaweza kukatwa ada kila mwezi bila kumjua mwenyekiti wa tawi lake, bila kuitwa kikaoni na bila kuona mkataba wa hali bora uliosainiwa kwa jina lake. Hata asiye mwanachama anaweza kukatwa ada ya uwakala, kwa sheria za nchi zote mbili. Wingi wa namna hiyo upo kwenye faili tu. Siku mwajiri akipunguza watu, hausimami.

Nairobi imeonyesha kuwa tunaweza kufanya vizuri zaidi. Mei 1, 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wanaochuja picha na maneno ya kutisha kwa niaba ya kampuni za mitandao ya kijamii na akili bandia walikusanyika hotelini na kupiga kura ya kuanzisha chama chao. Walitoka nchi mbalimbali za Afrika, waliajiriwa na kampuni za kati, na wengi walikuwa na mikataba ya muda mfupi. Hakuna sheria iliyowalazimisha kukutana ana kwa ana. Walikutana kwa sababu walitaka kujuana kabla ya kudai.

Ningependa kuona tabia hiyo kwenye kila tawi la chama Afrika Mashariki. Kabla ya fomu, kuwe na kikao. Viongozi wa tawi wachaguliwe kwa kura ya siri na waliomo kazini, kila kipindi kikiisha, bila kuongezewa muda. Mkataba wa hali bora usomwe kwa Kiswahili mbele ya wanaohusika, nao wapige kura kuukubali au kuurudisha mezani. Serikali zetu kwa upande wao zimwekee mwajiri anayefukuza mtu kwa sababu ya chama adhabu inayouma kweli, kwa kuwa Marekani imetuonyesha nini hutokea haki inapolindwa kwa bei rahisi. Mambo hayo ya ndani ya chama hayasubiri bunge wala ridhaa ya mwajiri. Yanamsubiri mfanyakazi wa kwanza atakayesimama kwenye tawi lake na kuuliza kikao kijacho ni lini.